Kengele ya Nyange

Ihanja, 9 Septemba 1951

Kwa mdogo wangu Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Kintinku? Shemeji hajambo na kazi yake ya reli, na watoto wazima? Na baba yako, baba mdogo Hango, kifua kinampa usingizi siku hizi? Ninamwombea kila tukimaliza rozari, ila jina lake nalitaja moyoni tu, kwa sababu baba yangu huwa amekaa karibu.

Sisi tu wazima lakini tumechoka. Jua limekaza, kisima kimebaki tope, ng'ombe wanalala mchana kama wagonjwa. Miguu yangu imevimba kwa kutembea, maana nimepata kazi. Kuna Mzungu amepiga hema ng'ambo ya barabara kuu, anatafuta dhahabu. Chombo chake ni cha vitani, cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Ni sahani kubwa mwisho wa mti mrefu, na kisanduku cha betri nabeba mimi mgongoni, kizito kama mtoto aliyeshiba. Yeye anavaa visikizio, anapitisha ile sahani juu ya ardhi polepole, kama mtu anayefagia lakini hataki vumbi. Chuma kikiwa chini, masikioni mwake hulia kama mbu. Watu wamempa jina la Bwana Masikio. Dhahabu hata punje hatujaiona. Tumefukua shoka bovu, kifuniko cha sufuria, chuma cha kwato za nyumbu wa kubeba mizigo, na vingine hata yeye hajui ni vya nini. Kila kitu ananiuliza, "Laurenti, hiki nini?" kana kwamba mimi ndiye niliyekifukia.

Sasa sikia. Juzi tulifika Mawe ya Fisi, pale kwenye korongo la mchanga. Mbu akalia kwa nguvu. Tukachimba kidogo, likaonekana fundo la kutu, la mviringo. Bwana Masikio akageuka rangi, akapiga kelele, "Laleni chini! Bomu!" Tukalala. Anselm, mpishi wake, alilala juu ya siafu. Akainuka kabla ya amri, anajipiga mapaja, akasema, "Bwana, heri bomu." Nilicheka huku nimelala, mchanga ukanijaa mdomoni.

Tulilirushia mawe kutoka mbali, halikulipuka. Nikafanya ishara ya msalaba nikaenda kuliokota. Luciana, ilikuwa kengele ya ng'ombe. Pembeni kwenye mdomo imekatwa pengo dogo, mhunzi alilikata makusudi ili sauti yake isifanane na ya boma lingine. Nilichunga ndama nikiwa mtoto nyuma ya kengele hiyo. Ni ya Nyange, ng'ombe kiongozi wa baba yangu.

Hatujawahi kuandikiana jambo hili wazi, nami nimechoka kulizungukazunguka, basi nikueleze tunavyolisema upande wetu. Wakati wa vita ya Wajerumani baba yangu Mughwai alichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Mama akatupeleka sisi watoto kwa wajomba. Bomani akabaki bibi na baba mdogo Hango. Baba aliporudi alikuta bibi amekufa kwa njaa, boma tupu, na mdogo wake hayupo. Hango alipokuja baadaye alisema aliwaficha ng'ombe Mawe ya Fisi, askari wakawapata, wakampiga Nyange risasi na kuwachukua wengine. Baba alikwenda pale akatafuta hata pembe, hakuona kitu. Na majirani wakasema: ng'ombe wetu walipochukuliwa, kengele zililia njia nzima, za kwako, Mughwai, hatukusikia. Tena kikuku cha shaba cha bibi hakikuonekana mkononi mwake alipozikwa. Tena ikasikika kwamba Hango ameoa huko Ugogo. Kwa ng'ombe wa nani? Ndipo baba akasema lile neno, asikanyage tena uwanja wake wala udongo wake usimpokee.

Sasa kengele imetoka palepale alipopataja baba mdogo, na kando yake tumeokota maganda ya risasi. Si uongo aliosema! Nitampelekea baba Jumapili moja baada ya Misa, akiwa amekula. Mwambie baba mdogo, lakini taratibu, asije akashtuka.

Ni mimi kaka yako,
Laurenti Mughwai


Kintinku, 26 Septemba 1951

Kwa kaka Laurenti,

Shikamoo. Barua yako ilikuja na mtu wa treni, nimeisoma nikiwa nimesimama, mboga ikaungua. Shemeji yako amekula ugali na maziwa na hajauliza, ameshaoa mjinga, atafanyaje.

Kumbe umekuwa punda wa Mzungu! Haya, beba. Ila mwombe huyo Bwana Masikio aje atutafutie huku masufuria yangu, majirani wakiazima hawarudishi.

Watoto wazima. Baba si mzima. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Asubuhi anataka apelekwe stesheni, akae kwenye gogo aangalie treni. Kwetu hakuna treni inayokwenda, anajua, lakini anaangalia tu. Juzi aliniambia, "Luciana, nikifa usinizike hapa bila Mughwai kunitemea mate ya baraka. Nitalala vibaya." Nikamwambia, baba, wewe umebatizwa, una Padre. Akasema, "Padre ni wa mbinguni. Mughwai ni wa nyumbani."

Unauliza, au majirani zenu wanauliza, aliolewa mama yangu kwa ng'ombe wa nani. Kaka, mama yangu aliolewa kwa jembe. Baba alimlimia babu yangu mashamba mvua baada ya mvua ndipo akapewa mke. Mama alichekwa kisimani mpaka anakufa: "Wewe wa mume asiye na hata mkia!" Ningejua Ihanja wanadhani tumekula ng'ombe, ningekuja kucheka hapo barabarani kwenu.

Nilimweleza habari ya kengele. Nilidhani atafurahi. Aliuliza neno moja tu: "Ulimi wa kengele upo?" Nikasema sijui, kaka hakuandika. Akageukia ukutani, hakula siku hiyo. Sikuelewa, nawe labda utaelewa.

Mpelekee baba mkubwa upesi. Nimechoka kumwona mzee akiangalia reli.

Mdogo wako,
Luciana


Ihanja, 15 Oktoba 1951

Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mnaendelea. Mimi siendelei vizuri, mkono mzito kuandika.

Nilimpelekea baba kengele kama nilivyosema. Aliijua hata kabla sijamkabidhi. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye lile pengo, akasema, "Nyange." Luciana, sikuwahi kusikia sauti yake hivyo. Akaomba maji, akaanza kuiosha mwenyewe, anang'oa udongo uliogandamana ndani kwa kijiti. Nikatoka kwenda kuwaangalia ndama, nikijua nikirudi atakuwa ametulia, nimwambie habari za kifua cha baba mdogo.

Nikasikia ananiita kwa kelele. Ulimi wa kengele umefungwa. Umezungushiwa waya, ukakazwa mpaka hauwezi kugusa ukingo. Baba akaniinulia kengele usoni. "Unaona? Unaona wewe msoma vitabu? Nani hufunga ulimi wa kengele? Askari? Askari wana bunduki, wanamficha nani? Mwizi ndiye hufunga ulimi, ng'ombe wapite kimya usiku! Ndiyo maana majirani hawakusikia!" Nikasema, na maganda ya risasi, baba? Akasema, "Wezi wamewaibia wezi."

Alichomoa ule waya, akautupa kwangu. Kengele akaitupa jalalani. Jioni aliwaita wazee wenzake akawaonyesha, wakatikisa vichwa. Mwanzo lilikuwa neno la baba peke yake, sasa ni la kijiji.

Nilimwonyesha Bwana Masikio waya, akautazama bila kuvua visikizio. Akasema ni waya wa simu, Wajerumani walikuwa nao, watu walikuwa wakiukata. Umejaa kutu ya chuma na ukungu wa kijani. Nimeuchora hapa chini uone ulivyo.

Sasa nakuuliza, na usinichukie. Baba mdogo aliuliza kama ulimi upo. Kabla mimi sijaona, kabla baba hajaona. Alijuaje kwamba kuna jambo kwenye ulimi?

Nimesali sana kabla ya kuandika mstari huo. Nimeshindwa kuuacha.

Laurenti


Kintinku, 18 Novemba 1951

Kwa Laurenti Mughwai, Ihanja.

Nimekawia makusudi.

Swali lako nimelipata. Mimi siwezi kumwuliza mgonjwa kama yeye ni mwizi. Kamwulize wewe, njoo na treni, umwangalie usoni. Nauli ukikosa mbebee Mzungu kisanduku kingine.

Nilidhani nimepata kaka. Tulipokutana kule Manyoni kwenye sikukuu, ukanishika mikono mbele ya kanisa ukasema, "Damu haifukiwi," mimi nilirudi nyumbani nikaimba. Kumbe umesubiri chuma kikuambie mimi ni mtoto wa nani.

Kama baba yangu angekuwa mwizi, mama yangu asingekufa na vidole vilivyopinda kwa jembe. Hilo tu.

Mchoro wako nimeuweka chini ya sanduku, sijamwonyesha. Hali yake ni ileile, kwenda chini.

Luciana


Ihanja, 2 Desemba 1951

Mdogo wangu Luciana,

Shikamoo zote nilizowahi kuzipokea kwako nakurudishia, maana umenizidi. Nimekusoma mara nyingi. Kila neno ni haki.

Sina cha kujitetea. Mtu akiishi na hasira ya baba yake tangu utoto, humwingia kama moshi kwenye nguo. Anadhani ni nguo zake ndivyo zinavyonuka. Nisamehe.

Bwana Masikio amevunja hema ameondoka. Hakupata dhahabu. Aliniachia shati na ule mti wa chombo uliovunjika. Mvua zimeanza, nimepanda uwele peke yangu, mgongo unaniuma kama nimebeba betri hata nikiwa sijabeba kitu.

Jambo moja linanikosesha raha. Katika kupanda nimekuwa nikiwaza kengele. Unajua kwetu kengele ya ng'ombe kiongozi huvikwa na mwenye boma, na haivuliwi mpaka afe huyo mwenye boma. Ikivuliwa, ni kama umemtangaza marehemu. Sasa mwizi, anayeficha ng'ombe, shida yake ni nini? Si aikate ile kamba, aitupe porini? Mwizi anamchelea nani? Aliyefunga ulimi alitaka kimya, lakini hakutaka kuivua. Nilimwambia baba. Akasema nimwache.

Na ule waya. Niliusugua kwa majivu na ndimu kama tunavyosugua kinara cha kanisani. Si waya wa simu. Ni shaba, mnene kuliko nilivyodhani, na ncha moja imepondwa ikawa bapa kama kichwa cha nyoka. Mtu alikuwa ameutengeneza kwa upendo. Sijui ni nini. Nimeufunga kwenye kitambaa, nimempa dereva wa lori la Manyoni, ataukabidhi stesheni ukufikie. Sitaki kuuliza swali safari hii. Mpe tu baba mdogo aushike. Akisema neno, sema nami. Asiposema, ubaki kwake.

Ukiwa na nafasi moyoni niandikie, hata kama ni kunitukana tena.

Kaka yako, kama bado,
Laurenti


Kintinku, 28 Desemba 1951

Kwa kaka yangu Laurenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Usinirudishie shikamoo tena, utaniletea mvi.

Kitambaa chako kilifika siku mbili kabla ya Noeli. Padre alikuwa amemaliza kumpaka baba mafuta ya wagonjwa. Alipoondoka, nikamfungulia baba kitambaa mkononi, sikusema kitu, kama ulivyotaka. Macho yake hayaoni vizuri. Aliushika, akaupapasa mpaka akafika kwenye ile ncha bapa. Kaka, alipiga kelele kama aliyeungua. Akasema, "Mama." Halafu akalia, mzee mzima, na kikohozi kikamkamata nikadhani anakufa pale.

Alipopata pumzi alisimulia. Nakuandikia kama alivyosema, anapumzika, anasema, anapumzika.

"Askari walikuwa barabarani wanakusanya ng'ombe. Mama akaniambia, peleka ng'ombe wa kaka yako Mawe ya Fisi kabla hawajatufikia. Nikasema, Nyange ana kengele, tutasikika, niivue. Mama akanipiga kofi. Akasema, 'Unataka kumzika Mughwai? Yuko njiani na mizigo ya watu, nani kakwambia amekufa?' Tukajaribu kuziba kwa majani, yakadondoka. Tukajaribu kamba ya mkonge, Nyange akatikisa kichwa ikalegea. Mama akaangalia mkono wake. Kile kikuku cha shaba alivikwa siku aliyomzaa Mughwai, mtoto wa kwanza. Hakuwahi kukivua, hata kulima alilima nacho. Akakitoa kwa mafuta, ngozi ikachubuka. Akakinyoosha kwa jiwe, akafunga ulimi kwa mikono yake mwenyewe. Akaniambia, 'Hango, akirudi usimwambie nilikivua. Atadhani nilikata tamaa naye. Ng'ombe wakirudi nitakivaa tena, hatajua.' Nikaapa.

"Ndama wa Nyange alikuwa mchanga, hawezi kutembea, tulimwacha nyumbani. Nyange akamlilia mchana kutwa kule mawe. Kengele ilinyamaza, mama ng'ombe hakunyamaza. Askari wakaja. Nyange akawarukia kwa pembe, wakampiga. Mimi wakaniswaga pamoja na ng'ombe mpaka kwenye reli, sikuachiwa kurudi. Niliporudi mama alikuwa ameshazikwa. Kaka akaniuliza, kikuku kiko wapi? Kengele ilinyamazaje? Nilikuwa na jibu. Lakini nilikuwa nimeapa."

Nikamwuliza, baba, miaka yote hii! Hata sisi wanao? Hata mama aliyechekwa kisimani? Akasema, "Mughwai alikuwa na hasira na mimi. Angekuwa na huzuni kwa mama. Hasira mtu huibeba akatembea. Ile nyingine ingemlaza."

Nimekasirika na nimeona fahari, vyote pamoja. Nimemwambia nitaandika. Akasema, "Andika. Mama mwenyewe amejitoa mchangani, mimi sikusema." Akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu Septemba.

Kikuku nakurudishia kwa njia ileile. Amesema si chake, ni cha Mughwai tangu siku aliyozaliwa.

Kaka, harakisha. Hali chakula, anakunywa uji vijiko viwili anachoka. Kila lori likisikika anauliza kama ni la kwetu. Anachosubiri unakijua.

Mdogo wako,
Luciana


Ihanja, 16 Januari 1952

Kwa mdogo wangu mpenzi Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Bado yuko hai? Samahani naanza hivyo, nimekosa njia nyingine. Barua yako na kikuku vimechelewa, lori lilizama tope upande wa Manyoni, mfuko wa barua ukaletwa na watu wa miguu. Nimevipata jana.

Baba alikuwa nje anapepeta uwele wa mbegu. Nikamwambia, baba, ninayo barua ya mtoto wa Hango, nimekuwa nikiandikiana naye kwa siri, nipige baadaye, kwanza sikiliza. Hakunipiga. Akasema, "Nilijua. Unafikiri sioni unavyokimbilia lori kama mtu mwenye mchumba?" Akaendelea kupepeta. Nikasoma. Nilipofika kwenye kofi, ungo ukasimama. Nilipofika kwenye ngozi kuchubuka, akasema, "Lete."

Nikampa kikuku. Hakukitazama, Luciana. Alifumba macho, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka kwenye kile kichwa cha nyoka, akakaa akikisugua hapohapo, polepole. Baadaye aliniambia ndivyo alivyokuwa akilala mgongoni mwa bibi, kidole juu ya ncha ile. Siku ile ya kengele alikuwa nacho mkononi akakitupa, kwa kuwa aliona fundo tu, hakuona kilichofunga.

Alikaa hivyo mpaka kuku wakaingia kulala. Nilimletea chakula akakisukuma. Nikamwuliza kama niwaite wale wazee. Akasema, "Kesho waite wote. Niliwaita kumtukana, nitawaita tena." Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo asijue aweke wapi mikono, "Hango amechoka kukohoa. Mimi nimechoka kukasirika. Mama peke yake ndiye hakuchoka."

Leo wazee wamekuja. Aliokota kengele jalalani mwenyewe, akaivisha mtamba wetu mweusi mbele yao, ulimi umefunguliwa. Inalia, ila sauti imekwaruza kwa kutu. Mzee mmoja alilia, yule aliyesema kwanza kabisa kwamba hakusikia kengele.

Baba alitaka kuja huko leo hiihii. Alichukua fimbo akatoka. Alifika barabarani, magoti yakamkatalia, nikamkuta amekaa kwenye mfereji, maji yanampita miguuni, anaangalia upande wa Manyoni. Malori hayapiti. Tumekubaliana nitamleta njia ikikauka, nimbebe kama nilivyobeba betri. Lakini mimi na wewe tunajua kifua cha baba mdogo hakisubiri barabara.

Kwa hiyo alisema niandike barua hii. Niliposema imekwisha, akaomba maji. Alijaza kinywa, akayazungusha, akaninyang'anya karatasi, akaitemea mate ya baraka kama anavyotemewa mtu uso kwa uso. Akasema, "Hango mwana wa mama, upoe. Uwanja ni wako, udongo ni wako, njoo ulale upande wowote unaotaka." Hilo doa unaloliona hapa chini, lililotawanya wino, si mvua. Usilifute. Mwekee kifuani, upande wa ndani, na umsomee maneno hayo karibu na sikio, kwa sauti, kama kaka yake ndiye anayesema. Sijamwuliza Padre kama inafaa, na sitamwuliza.

Kama amekwisha kutangulia, basi mwekee hivyohivyo mkononi, kabla au baada ya udongo, wewe utajua. Baba hili la mwisho sijamwambia. Amekaa mlangoni amevaa kikuku cha bibi alichokikunja upya, hakimtoshi, kimeishia kwenye vidole, na kila mtamba akitikisa shingo anageuka.

Barua anaipeleka mtu wa miguu usiku huu kama mvua itapungua. Nakuomba unijibu upesi, hata mstari mmoja, tujue kama ilimkuta.

Kaka yako,
Laurenti Mughwai